Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sheria na Uamuzi katika Futiboli ya Kimarekani ya Shule za Sekondari

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya, ambao watoto wao wamejiunga na timu za futiboli shuleni, na ambao kila Ijumaa jioni huketi jukwaani kutazama mchezo ambao hawakukua nao. Wengi wameujua mchezo huu kupitia televisheni, na hapo ndipo mkanganyiko huanzia, kwa sababu mechi ya sekondari ina kitabu chake cha sheria, kilichotungwa kwa kuzingatia kwamba wachezaji bado ni watoto na kwamba waamuzi ni wachache na hutegemea macho yao tu.

Nani hutunga sheria hizi?

Sheria hutungwa na shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo vya shule za sekondari, linalojulikana kwa herufi NFHS, lenye makao yake Indianapolis, jimbo la Indiana. Shirikisho hilo lilianzishwa mwaka 1920, na kamati yake ya futiboli hupitia mapendekezo ya mabadiliko kila mwaka. Hata hivyo, mwenye mamlaka juu ya mechi ya mwanao ni chama cha michezo cha jimbo lenu, ambacho ndicho kinachosajili waamuzi, kinachoamua muda wa nyongeza uchezweje, na kinachotoa adhabu za kukosa mechi.

Jimbo la Texas halifuati kitabu hiki. Shule zake hucheza kwa sheria za vyuo vikuu za NCAA, zikiwa na marekebisho machache, na Massachusetts nayo ilifanya hivyo hadi ilipohamia sheria za NFHS mwaka 2019. Kwa hiyo familia inayohama kutoka Fort Worth, Texas, kwenda Louisville, Kentucky, itakuta mambo kadhaa yamebadilika, na kijana anapaswa kuambiwa mapema kabla hajaigharimu timu yake mpya yadi 15.

Mchezo wenyewe unakwendaje, kwa ufupi?

Kila timu huingiza wachezaji 11 katika uwanja wenye urefu wa yadi 100, ukiongezewa eneo la mwisho la yadi 10 kila upande. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu hupata majaribio mengine manne, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, ni pointi 6, goli la teke, yaani kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya nguzo, ni pointi 3, na baada ya tachidauni timu hupata nafasi ya kuongeza pointi 1 kwa teke au 2 kwa kuuingiza mpira tena katika eneo la mwisho.

Kwa nini mambo ninayoyaona kwenye televisheni hayafanani na ninayoyaona shuleni?

Kwa sababu ni sheria tofauti kweli, na tofauti hizo si ndogo.

Ile inayozua kelele nyingi zaidi jukwaani inahusu mchezaji wa ulinzi anayeruka na kuvuka mstari wa mahali mpira ulipo kabla ya mpira kuchezwa. Katika NFL, ligi ya kulipwa mnayoiona kwenye televisheni, anaweza kurudi upande wake bila kosa, mradi hajamgusa mtu wala hajasababisha mpinzani kushtuka. Katika sekondari, akishavuka tu baada ya mpira kuwekwa tayari na mchezaji wa katikati kuushika, ni kosa: filimbi hupulizwa papo hapo, mchezo haufanyiki, na timu yake hurudishwa yadi 5. Wazazi hudhani mwamuzi ameharakisha, kumbe ametekeleza sheria inayowalinda vijana wasigongane wakati upande mmoja bado umeinama na haujajiandaa.

Robo ya mechi ina dakika 12, si 15. Teke la kuanzia hupigwa kutoka yadi ya 40 ya timu inayopiga, na mpira wa teke ukivuka mstari wa goli la timu inayopokea, umekufa. Hakuna kuubeba kutoka eneo la mwisho na kukimbia nao, bali timu huanza kwenye yadi yake ya 20. Mpokeaji wa pasi anahitaji mguu mmoja tu ndani ya mstari, ilhali NFL hudai miguu miwili. Mbebaji wa mpira akiteleza na goti likagusa nyasi, jaribio hilo limekwisha hata kama hakuguswa na mtu. Ulinzi hauwezi kupata pointi wakati wa jaribio la nyongeza baada ya tachidauni. Ukiunyakua mpira, jaribio limeishia hapo.

Hata uwanja umechorwa tofauti. Vistari vya kati vinavyoonyesha mahali pa kuanzia mchezo vimeugawa uwanja wa sekondari katika theluthi tatu zilizo sawa, yaani futi 53 na inchi 4 kila moja, wakati katika NFL vistari hivyo vimetengana kwa futi 18 na inchi 6 tu. Hii ndiyo sababu kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa shule huonekana mara nyingi akianza mchezo karibu na ukingo, na upande mmoja wa uwanja ukabaki mpana mno wa kulindwa.

Waamuzi ni wangapi, na kila mmoja anatazama nini?

Mechi ya timu ya kwanza ya shule kwa kawaida huchezeshwa na waamuzi watano. Timu za chini hupata watatu au wanne, na baadhi ya majimbo huongeza hadi saba katika fainali. Mwamuzi mkuu ndiye mwenye kofia nyeupe, wenzake wakivaa nyeusi. Husimama nyuma ya kwotabeki, na ndiye anayetangaza adhabu. Ampaya husimama katikati, nyuma ya safu ya kwanza ya ulinzi, mahali penye hatari kuliko pengine pote, akitazama wanaosukumana mstari wa mbele. Wawili husimama kwenye pande za uwanja, mmoja wao akisimamia watu wanaobeba mnyororo wa yadi 10 wa kupimia. Wa tano hukaa mbali nyuma ya ulinzi na kufuatilia pasi ndefu.

Ukipata nafasi ya kukaa karibu na uzio, tazama mikono yao. Wengi huvaa ukanda mwembamba unaonyumbulika, umefungwa kifundoni na kitanzi chake kimeingizwa kwenye kidole. Katika jaribio la kwanza kitanzi hukaa kidole cha shahada, la pili kidole cha kati, na kuendelea hadi kidole cha mwisho. Ubao wa matokeo ukikosea kuhesabu, na hukosea, vidole vya watu watano ndivyo kumbukumbu rasmi. Kwenye mnyororo nako kuna kibanio kidogo kinachobanwa palipo na mstari wa yadi 5 ulio karibu. Mnyororo unapoletwa katikati ya uwanja kwa ajili ya kupima, kibanio hicho huwekwa kwenye mstari uleule, na hivyo vipimo havipotei hata kama waliobeba wametembea ovyo. Mchezo mzima unaweza kuamuliwa na urefu wa kidole kimoja, na nidhamu hii ndogo ndiyo inayofanya uamuzi huo uaminike.

Kitambaa cha njano kinamaanisha nini, na kwa nini mchezo mara nyingine huendelea?

Kinamaanisha kuwa mwamuzi ameona kosa. Desturi hii ilianzia vyuoni: kocha Dwight Beede wa Youngstown, Ohio, ndiye aliyetaka vitambaa vitumike badala ya honi, na vikatumika kwa mara ya kwanza Oktoba 1941. Makosa yanayotokea kabla ya mpira kuchezwa husimamisha kila kitu. Yale yanayotokea mchezo ukiendelea huachwa hadi mwisho, kwa kuwa timu iliyokosewa ina haki ya kuchagua kati ya adhabu na matokeo ya mchezo.

Chukua mfano huu. Timu inayoshambulia iko jaribio la tatu na inahitaji yadi 8. Inasonga yadi 3 tu, lakini mchezaji wake mmoja amemshika mpinzani isivyo halali. Ulinzi ukikubali adhabu, washambuliaji watarudishwa yadi 10 na kurudia jaribio la tatu wakihitaji yadi 18. Ukiikataa, litakuwa jaribio la nne lenye yadi 5 za kutafuta, na kwa kawaida timu hulazimika kuupiga mpira mbali na kuuachia. Kocha wa ulinzi mara nyingi hukataa, naye huwa hajampendelea mtu. Amepiga hesabu yake vizuri.

Makosa ya kawaida yana adhabu gani?

Makosa ya mpangilio, kama vile kujitikisa kabla ya mpira kuchezwa, kuchelewesha mchezo au kujipanga vibaya, ni yadi 5. Kushika ni yadi 10. Makosa ya kuumiza na ya utovu wa nidhamu ni yadi 15. Kugusa tu kizuizi cha uso cha helmeti na kukiachia ni yadi 5, lakini kukivuta au kukizungusha ni 15, kwa sababu shingo hufuata.

Jambo moja huwashangaza hata Wamarekani wenyewe: katika sekondari ni makosa machache sana yanayoipa timu majaribio manne mapya moja kwa moja, nayo ni yale ya kumvamia kwotabeki aliyekwisha kurusha, mpiga teke, mshikaji wa mpira wa teke, au mchezaji anayeinama kuuanzisha mpira. Ulinzi ukimzuia mpokeaji wa pasi isivyo halali adhabu ni yadi 15 na jaribio hurudiwa; yadi hizo zikitosha, timu imefuzu, zisipotosha, haijafuzu. Kumziba mpokeaji macho bila kumgusa kulikuwa kosa hadi mwaka 2017, ambapo kuliondolewa. Vilevile tangu mwaka 2023 makosa mengi ya timu inayoshambulia yanayotokea nyuma ya mstari hupimwa kutoka mahali mchezo ulipoanzia, badala ya mahali kosa lilipotokea, jambo ambalo kwa maoni yangu ni la haki, maana hapo awali kosa moja la kushika liliweza kuizika timu kwa yadi 20.

Sheria zinafanya nini kulinda kichwa cha mwanangu?

Hapa ndipo kitabu cha sekondari kimebadilika sana, na ndipo mzazi anapopaswa kukijua zaidi. Mchezaji haruhusiwi kutumia sehemu ya juu ya helmeti yake kumgonga mpinzani, wala kumlenga mtu juu ya mabega kwa helmeti, kiwiko, mkono au bega. Tangu mwaka 2017 ni kosa kumzuia kwa nguvu, bila kutumia viganja vilivyo wazi, mchezaji asiyekuona ukija. Kumkamata mtu nyuma ya kola ya jezi na kumvuta chini ni kosa. Kuzuia chini ya kiuno kunaruhusiwa tu katika eneo dogo kuzunguka mpira, yadi 4 kila upande na yadi 3 mbele na nyuma, tena mara tu mpira unapochezwa. Anayechelewa hata kidogo amekosea.

Helmeti ikimtoka mbebaji wa mpira, mchezo hufa palepale. Helmeti ikimtoka mchezaji yeyote mchezo ukiendelea, lazima atoke kwa angalau jaribio moja, isipokuwa kama ilimtoka kwa sababu ya kosa la mpinzani.

Kuhusu mtikisiko wa ubongo, tangu mwaka 2010 sheria inasema wazi kwamba mchezaji anayeonyesha dalili, kama vile kupoteza fahamu, kuyumba, kuchanganyikiwa au kulalamika kichwa kinauma, aondolewe mara moja, na asirudi hadi mtaalamu wa afya anayestahili amruhusu. Mwamuzi hatakiwi kuwa daktari. Anatakiwa kuona dalili na kumtoa mtoto. Nyuma ya sheria hii kuna kisa cha Zackery Lystedt, kijana wa jimbo la Washington aliyeumia vibaya kichwani mwaka 2006 baada ya kurudishwa uwanjani katika mechi ileile. Mwaka 2009 jimbo lake lilipitisha sheria inayobeba jina lake, na kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria juu ya jambo hili. Kwa hiyo mwanao akitolewa kwa sababu hiyo, tafadhali usimsihi kocha amrudishe, hata kama kijana analia kwa kutamani kucheza na hata kama ni mechi ya mwisho ya msimu. Mfikishe kwa daktari na udai barua ya ruhusa kabla hajagusa mpira tena.

Je, anaweza kucheza akiwa amevaa rozari, cheni au bangili?

Mapambo hayaruhusiwi. Medali ya kidini haihesabiwi kuwa pambo, ila lazima ibandikwe mwilini kwa plasta na ifunikwe na jezi. Bangili ya tahadhari ya kiafya, kwa mfano ya mwenye kisukari au mzio mkali, nayo hubandikwa lakini inaweza kuonekana. Kinga ya meno ni lazima, na isiwe nyeupe kabisa wala isiyo na rangi kabisa, ili mwamuzi aweze kuiona mdomoni akiwa mbali. Kabla ya mechi kocha mkuu huthibitisha mbele ya waamuzi kwamba wachezaji wake wote wamevaa vifaa halali. Kwa hiyo mnunulieni kijana kinga yenye rangi inayoonekana mapema.

Mwamuzi akikosea, kuna namna ya kurekebisha?

Inategemea aina ya kosa. Kama amekosea kutumia sheria, mathalani amepima yadi 15 badala ya 10, kocha anaweza kuomba taimauti, yaani mapumziko mafupi, na kukutana na mwamuzi mkuu. Ikithibitika kocha yuko sahihi, kosa hurekebishwa na taimauti yake haipotei; asipokuwa sahihi, hutozwa. Kama suala ni alichokiona au asichokiona, hakuna mkutano wa namna hiyo.

Marudio ya video hayatumiki katika mechi nyingi za sekondari. Mwaka 2019 NFHS iliruhusu vyama vya majimbo vinavyotaka kuyatumia katika hatua za mtoano. Kwa hiyo simu yako inaweza kuwa na picha safi ya mguu ulio ndani ya mstari, na bado isibadilishe chochote. Sheria za kitaifa hazitambui rufaa, na filimbi ya mwisho ikishalia, mwamuzi mkuu akiwa ameunyanyua mpira juu kwa mkono mmoja, matokeo yamefungwa.

Kosa linalowaumiza waamuzi wenyewe kuliko yote ni filimbi iliyopulizwa kabla ya wakati. Mpira umedondoka, mtu ameuokota na anakimbia peke yake kuelekea mstari wa goli, na filimbi inalia kwa bahati mbaya. Mchezo umekufa. Pasi ikiwa hewani, jaribio hurudiwa. Mtu akiwa ameushika mpira, timu yake huchagua kuuchukua pale ulipofia au kurudia jaribio. Mpira ukiwa umedondoka na hauna mwenyewe, chaguo hilo ni la timu iliyoushika mara ya mwisho. Wapo watakaoonewa, na sheria haijifanyi vinginevyo. Inachohakikisha ni kwamba mwamuzi habahatishi nini kingetokea. Ndiyo sababu waamuzi wakongwe huwafundisha wapya wasipulize hadi wauone mpira kwa macho yao, wala wasiongozwe na lundo la watu walioanguka.

Kwa nini saa mara nyingine haisimami, na mechi ikiwa sare inakuwaje?

Kwa kawaida saa husimama pasi isipodakwa, mpira unapotoka nje, na timu inapopata majaribio mapya, hadi mnyororo uwekwe. Lakini timu moja ikiongoza kwa tofauti kubwa katika kipindi cha pili, ambayo katika majimbo mengi ni pointi 35, saa huachwa iendelee ili mechi iishe mapema na walioelemewa wasiumie bure.

Mechi ikiwa sare, majimbo mengi hufuata utaratibu uliopendekezwa na NFHS: kila timu hupewa majaribio manne kuanzia yadi ya 10 ya mpinzani, na anayeongoza baada ya zote mbili kucheza ameshinda. Ulinzi ukiunyakua mpira, zamu ya mshambuliaji imekwisha.

Shule ya mwanangu ni ndogo na wanacheza sita sita. Je, huo ni mchezo mwingine?

Ni tawi halali la mchezo huuhuu, lililobuniwa mwaka 1934 na Stephen Epler huko Nebraska kwa ajili ya shule za vijijini zisizokuwa na wavulana wa kutosha. Uwanja ni yadi 80 kwa 40, timu hutafuta yadi 15 badala ya 10, kila mchezaji anaweza kupokea pasi, na goli la teke huleta pointi 4. Timu ikitanguliwa kwa pointi 45 baada ya nusu ya kwanza, mechi huishia hapo.

Ninaruhusiwa kuzungumza na mwamuzi?

Wakati wa mechi, hapana, na baada ya mechi haifai kumfuata kwenye maegesho. Ukiwa na malalamiko ya msingi, mpelekee kocha au mkurugenzi wa michezo wa shule, ambaye anaweza kuyafikisha kwenye chama cha jimbo. Mchezaji au kocha akipata makosa mawili ya utovu wa nidhamu hutolewa, na majimbo mengi humzuia pia mechi inayofuata. Mtazamaji anayetukana naye anaweza kuondolewa uwanjani na uongozi wa shule. Naliandika hili kwa uzito, kwa sababu NFHS yenyewe ilieleza kwamba takriban waamuzi 50,000 wa michezo yote ya sekondari waliacha kazi kati ya misimu ya 2018–19 na 2021–22, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni lugha ya majukwaani. Wanapopungua, mechi za Ijumaa huhamishiwa Alhamisi au Jumamosi, na timu za watoto wa madarasa ya chini ndizo zinazokosa mechi kwanza.

Je, mtu kama mimi, ambaye hakucheza mchezo huu, anaweza kuwa mwamuzi?

Anaweza, na waamuzi wanahitajika. Sarah Thomas, aliyeanzia mechi za sekondari huko Mississippi, aliajiriwa NFL mwaka 2015 akiwa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kudumu wa ligi hiyo, na Februari 2021 alichezesha Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Unajisajili kwa chama cha michezo cha jimbo lako, katika majimbo mengi unachunguzwa rekodi ya uhalifu, unafanya mtihani wa sheria kila mwaka, na kisha unapangiwa mechi za wadogo za Alhamisi jioni na Jumamosi asubuhi pamoja na mwenye uzoefu. Anayetaka kuonja kwanza bila kujisajili aiombe shule nafasi ya kubeba mnyororo: utasimama hatua chache nyuma ya mwamuzi wa pembeni mechi nzima, utasikia anachowaambia makocha, na utajifunza kuhesabu majaribio kwa vidole kabla ya kukabidhiwa filimbi.